Matundu Mawili kwenye Paa la Morris

Watu wa Nyeri walikuwa na utani wao kwamba Muriithi wa turubai hashoni, anasali. Walimaanisha kwamba alikuwa mpole kupita kiasi, na kwamba ukimpelekea kazi Jumatatu ukamwambia una haraka, ataitikia "sawa" kwa sauti ya chini, halafu ataanza kuikagua kazi yenyewe polepole kana kwamba umemletea mgonjwa. Wateja waliguna, lakini walirudi. Kiti cha lori kilichopita mikononi mwake hakikupasuka tena, na hema lake la harusi lilistahimili mvua ya Aprili wakati mahema ya wengine yanawamwagia wageni maji kwenye sahani.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, upande wa chini wa soko, pale barabara inapoteremka. Mbele aliezeka kipenu kinachotosha gari moja. Ndani alikuwa na cherehani nzito ya miguu, mikebe ya nta ya kupaka uzi, na shazia, zile sindano nene za kushonea turubai, za kila ukubwa, zilizochomekwa kwenye kipande cha godoro. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama kwa ajili ya kazi, na akiwa na jambo kichwani alikuwa na tabia ya kutafuna uzi aliokwisha kuukata.

Ufundi aliupata Nanyuki, kwa Msomali mmoja aliyeitwa Kulmiye, mzee mkali wa maneno na laini wa moyo, aliyeshona mahema na matandiko ya farasi. Kulmiye ndiye aliyemfundisha kufunga mwisho wa mshono kwa namna ambayo fundi mwingine wa milimani hakuitumia. Uzi ulirudi nyuma mara tatu, kila mara ukielekea upande wake, na pale mwisho ikabaki alama ya mguu mdogo wa kuku. "Ukifumuka huo, niite mwizi," mzee alikuwa akimwambia. Muriithi aliushika mguu wa kuku akiwa na miaka ishirini na hakuuacha tena.

Nyumbani alikuwa na mke, Warigia, na watoto wanne, lakini mzigo wake wa kwanza haukuwa wao. Ulikuwa Wakonyo, mjane wa kaka yake Ngatia, na mtoto wao Simeon. Ngatia alichukuliwa mwaka wa 1954, wakati wa Emajensi, Waingereza walipokuwa wanawasaka Mau Mau, na hakurudi. Haikuja barua wala maiti. Tangu hapo Muriithi ndiye aliyemwezekea Wakonyo nyumba, ndiye aliyempeleka Simeon shule, na sasa kijana alikuwa kidato cha nne na kimo cha baba yake. Watu walisema Ngatia aliacha ndugu kweli, na Muriithi akisikia maneno hayo alikuwa anatafuta kisingizio cha kuondoka.

Wakonyo hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila Alhamisi, siku yake ya kuuza mboga sokoni, alimletea shemeji yake githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe wenye mfuniko. Aliuweka kwenye benchi la mlangoni, akamjulia hali, akasimama kidogo akimtazama, kisha akaenda zake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuketi. Muriithi aliichukua kuwa ni heshima ya mjane, na kwa kweli ilimpendeza.

Basi Jumatatu moja ya Machi mwaka wa 1970 akaja Peterson. Huyu alikuwa karani kwenye shamba la ngano kule Timau, kijana wa Kerugoya mwenye tai na kicheko kingi, na alikuja akiendesha Morris ndogo ya kijani ambayo paa lake lilikuwa la turubai la kukunjua. Lilikuwa limeraruka vibaya, vipande vinapepea.

"Fundi, hii gari ni ya starehe," alisema akiipiga piga boneti. "Ukitaka jua unafungua, ukitaka siri unafunga. Lakini saa hii haifungi wala haifungui. Kuku wamelala ndani miaka saba."

"Ulitoa wapi?"

"Ilikuwa ya mzungu fulani. Alienda kwao wakati wa uhuru, ikabaki kwa stoo ya shamba. Niko na karatasi zote, usiogope. Sasa Jumamosi naenda kuonekana kwa baba ya msichana, na siwezi kufika Kerugoya nikinuka kuku. Nataka paa mpya, ati hata yeye akiona aseme huyu ni mwanaume."

Muriithi alitabasamu, kwa kuwa kijana alimfurahisha, akaanza kuizunguka gari kama kawaida yake. Alihesabu mbavu za chuma zilizobeba paa, akapapasa misumari midogo iliyoshika pindo. Alipofika nyuma aliona kwamba pale penye kioo cha plastiki, kile laini kinachokunjika pamoja na paa, hapakuwa na kioo. Palikuwa na kiraka cheusi kilichogandishwa kwa gundi. Gundi ilikuwa imezeeka. Aliinua pembe ya kiraka kwa ukucha, na chini yake akaona turubai nyingine, ya kijivu, na kwenye ukingo wa turubai hiyo akaona mguu wa kuku.

Alikirudisha kiraka mahali pake akakibana kwa kiganja. Kijani kilikuwa rangi ya juu tu. Kwenye mkwaruzo wa bawa la gurudumu alikiona kijivu cha zamani.

"Jumamosi," akasema.

Peterson alishangaa kukubaliwa upesi hivyo. Aliiingiza gari chini ya kipenu ikitangulia kichwa, mgongo wake ukatazama barabara, akaenda kutafuta basi la kumrudisha Timau akipiga mluzi.

Hapa inabidi turudi nyuma, maana bila hilo hutamwelewa Muriithi. Mwaka ule wa 1954 Mkikuyu hakukaa Nanyuki bila karatasi. Muriithi alikuwa nayo, lakini ilikuwa imebakiza siku nne, na wenzake wote walikuwa wanarudishwa makwao, kwenye vile vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Asubuhi moja, Kulmiye akiwa ameenda mnada wa ngozi, mzungu mmoja mkulima aliyevaa kofia ya askari wa akiba alileta Morris ya kijivu. Kioo cha plastiki cha nyuma kilikuwa kimechanika. Alitaka pazibwe kwa turubai, na kwenye turubai hiyo yatobolewe matundu mawili yenye ukubwa wa shilingi. Alisema ana mbwa, na mbwa anahitaji hewa.

Muriithi aliuliza matundu yaachane kiasi gani. Mzungu akamshika kidevu, akamwekea vidole viwili usoni, kimoja chini ya jicho hili na kingine chini ya jicho lile, halafu akavipeleka vile vile juu ya turubai. "Hivi," akasema.

Muriithi hakuwa mjinga. Mbwa hapimiwi hewa kwa macho ya mtu. Lakini alishona. Aliyazungushia matundu uzi ili yasichanike, akafunga kila mwisho kwa mguu wa kuku, na kazi ilipokwisha mzungu aliitandaza karatasi ya Muriithi juu ya boneti, akaitia sahihi ya miezi sita mingine.

Wiki tatu baadaye ile Morris ilifika kijijini, huku karibu na Kiganjo, walikokuwa wanakaa Ngatia na Wakonyo. Watu walipangwa kwenye laini. Gari likarudishwa kinyumenyume hadi likawapa mgongo, na nyuma ya turubai, juu ya kiti, mtu alikuwa amepiga magoti. Mtu kama huyo aliitwa gakunia, kwa sababu kwingine alivikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho asijulikane na majirani anaowasaliti. Huyu wa kwao alivikwa gari zima. Kila mmoja alisimama mbele ya matundu, gakunia akatikisa kichwa kukana au kukubali, na dereva akapiga honi. Honi mara moja, pita uende nyumbani. Honi mara mbili, simama kando. Kwa Ngatia ililia mara mbili.

Muriithi alizipata habari hizo baada ya mwezi, kutoka kwa dereva wa lori, na alitapika nyuma ya duka la Kulmiye mpaka akatoa nyongo. Hakumwambia mtu. Hakumwambia Warigia alipomwoa, hakumwambia padri. Alijiambia kwamba yeye alishona tu, na kwamba mwenye kutikisa kichwa alikuwa mtu mwingine, na huo ndio ukuta alioegemea kwa miaka kumi na sita. Alichoogopa katika dunia hii kilikuwa kimoja tu, kwamba Wakonyo angejua mkono wa nani ulikata matundu yale.

Na sasa gari lilikuwa chini ya kipenu chake, na Alhamisi Wakonyo angekuja na mkebe. Muriithi alipiga hesabu. Kufikia Alhamisi adhuhuri ile turubai ya nyuma lazima iwe imefumuliwa, imechomwa, na majivu yamemwagwa.

Ungeuliza, kwa nini asiirarue tu Jumatatu ile ile? Kwa sababu paa la namna hii halina kipimo kingine ila paa kuukuu lenyewe. Mbavu za chuma huwa zimepinda kwa miaka, kila gari na upindo wake, na fundi hufumua kipande cha zamani kikiwa kizima, akakilaza juu ya turubai mpya, akachora kwa chaki. Ukirarua, unakata kwa kubahatisha, na mvua ya kwanza inaingia. Angeweza kubahatisha, naam. Lakini mikono ya mtu ina mazoea yake, na mikono ya Muriithi haikujua kuharibu.

Jumanne alianza na juu. Aling'oa misumari mmoja mmoja, akaishusha turubai ya juu na ya ubavuni, akailaza sakafuni. Nyuma hakupagusa. Mara mbili alisikia springi za kiti cha nyuma zikilia kama mtu anayebadilisha goti, na mara mbili alienda kuchungulia akakuta kiti kitupu chenye manyoya ya kuku. Alijicheka, lakini hakucheka kwa sauti.

Saa nne hivi mzee mmoja alikuwa anateremka na mbuzi wake. Alipofika usawa wa kipenu alisimama. Aliitazama Morris, akavua kofia, akaishika kifuani, kisha akageuka na mbuzi wake akapanda kule alikotoka, bila salamu. Muriithi alielewa kwamba rangi ya kijani haikumdanganya kila mtu. Alichukua hema kuukuu akalitundika nyuma ya gari kama pazia.

Jumatano alikata turubai mpya ya juu, ikamtoka vizuri, na hilo likampa moyo. Akasema, acha nichore ya nyuma ikiwa bado iko mahali pake, kesho nifumue tu na kuchoma. Alibandua kile kiraka cheusi, akabana turubai mpya juu ya ile ya kijivu, akapitisha chaki ukingoni kwa mkono ulio na uzoefu wa miaka, mawazo yake yakiwa kwingine. Alipoishusha kuitazama, chaki ilikuwa imepita ukingoni kama inavyotakiwa, na katikati ilikuwa imechora duara mbili. Hakukumbuka kuzichora. Alizisugua kwa kiganja, kisha kwa kitambaa chenye maji, lakini zilibaki hapo hafifu, zikimtazama. Siku hiyo alifunga kazi mapema akaenda nyumbani, na Warigia alipomwuliza anaumwa nini alisema ni mgongo.

Alhamisi alikuwa kibandani kabla soko halijajaa. Mshono wa nyuma haufumuki kutoka nje. Lazima uingie, upige magoti kwenye kiti cha nyuma, uukabili uso kwa uso. Tena lile hema lilitia giza chini ya kipenu, kwa hiyo ilibidi aliondoe apate mwanga. Bado mapema, alijiambia. Wakonyo huja saa saba.

Alipopiga magoti, magoti yake yaliingia kwenye mabonde mawili yaliyokuwa tayari kitini. Alitaka kusogea pembeni, lakini pembeni mkono haufiki. Akachomeka ncha ya shazia chini ya uzi wa kwanza. Kulmiye hakusema uongo, uzi ule ulikuwa imara kama siku ulipofungwa, na ilimchukua muda mrefu kuufungua mguu mmoja. Alivichukia vidole vyake vya miaka ishirini na minne kwa kufanya kazi nzuri namna ile. Akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Jasho likamwingia machoni, akainua kichwa kulifuta, na alipokishusha macho yake yakawa yamekaa kwenye matundu.

Yalimwenea barabara. Yalikuwa yamepimwa kwake.

Aliona barabara yote. Aliona wanawake wakishuka na vikapu, na mwanamume aliyesukuma baiskeli yenye gunia la viazi. Hakuna aliyemwona yeye. Alishangaa jinsi ilivyo rahisi, na jinsi kila aliyepita, kwa sababu hakujua kwamba anatazamwa, alivyoonekana kama mtu mwenye kosa. Alijua anapaswa kuondoa uso wake pale. Aliendelea kutazama, na alikuwa bado anatazama wakati Wakonyo alipotokea akiwa na mkebe mkononi, saa mbili kabla ya wakati wake, kwa kuwa mboga zilikuwa zimeisha mapema.

Alikuwa anatembea akiangalia chini, kwa sababu ya mteremko. Alipofika karibu aliinua uso. Miguu yake ikasimama kwanza, kisha mwili wote. Alitazama yale matundu, na Muriithi akaona kwamba shemeji yake ameyaona macho yaliyo ndani yake. Muriithi hakuweza kuyafumba wala kuyaondoa. Mwanamke alikuja hatua kwa hatua mpaka uso wake ukawa karibu na turubai.

"Muriithi," akasema. "Toka."

Alitoka kwa kutambaa, shazia bado mkononi, manyoya ya kuku kwenye suruali. Alijaribu kucheka.

"Si unaona natengeneza tu. Ni ya kijana fulani wa Timau, anataka paa."

"Naona."

"Mama Simeon, iko kitu sijawahi kukuambia." "Hii kitambaa ya nyuma, na hizi matundu, ni mimi nilishona. Nilishona nikiwa Nanyuki, kwa duka ya Kulmiye. Mzungu alisema ni ya mbwa. Nilijua si ya mbwa, na nikashona, na akanipigia sahihi kwa karatasi."

"Najua," akasema Wakonyo.

"Unajua aje?"

"Ngatia alikuwa na koti ya mvua ulimshonea. Niliifua miaka mitatu. Hiyo mguu ya kuku naijua kuliko jina yangu. Siku hiyo nilikuwa kwa laini, nyuma ya Ngatia watu sita. Gari ikatupa mgongo, nikaangalia, nikaona mguu ya kuku imezunguka macho."

Muriithi alihisi kitu kikimtoka begani, mzigo wa miaka kumi na sita ukishuka mara moja, na machozi yakamlenga. Wakonyo alijua, na bado alimletea chakula. Alijua, na bado alimwachia mtoto.

"Kwa hivyo ulijua mimi nilishona, na ukanyamaza."

"Kushona?" Wakonyo alimtazama kama aliyesikia neno geni. "Mimi sikujua mambo ya kushona. Nilijua wewe ndio ulikuwa ndani."

Soko liliendelea na kelele zake huko juu.

"Sikuwa ndani," akasema Muriithi. "Nilikuwa Nanyuki."

"Nani alikuona Nanyuki siku hiyo?"

"Kulmiye."

"Kulmiye alikufa. Na hiyo karatasi ya kukaa Nanyuki, wenzako wote wamerudishwa, wewe peke yako ulipewa. Mimi nilijiuliza ulipewa ya nini. Halafu ile macho." Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayesimulia bei za sokoni. "Honi ilipolia ya pili, ile macho ilifunga. Ikakaa imefungwa mpaka Ngatia akaondolewa. Kwa wengine haikufunga. Nikasema, huyu ni ndugu yake. Mtu mwingine angefunga macho ya nini?"

"Wakonyo, mbele ya Mungu, si mimi."

"Na wewe ulifikiri githeri ni ya nini? Kila Alhamisi nilikuwa nakuja kukuangalia uso. Nilisema siku moja itaonekana."

Muriithi aliona aibu iliyompita kimo, kwa kuwa alikumbuka jinsi githeri ile ilivyompendeza. "Si mimi," akarudia. "Nilishona tu. Nihukumu kwa hiyo. Lakini ndani sikuwa."

Wakonyo alimchunguza kwa muda mrefu, jicho hili na jicho lile, na Muriithi akaona jambo ambalo hakulitegemea. Aliona kwamba ameanza kuaminiwa, na kwamba jambo hilo linamtia mwanamke huyu hofu. Wakonyo aligeuza kichwa akatazama juu kule sokoni, walikokuwa wanaume wa rika la Ngatia wakipima viazi na kuuza chumvi.

"Kama si wewe, ni nani?" akauliza. "Nianze kuangalia nani sasa? Yule wa chumvi? Mzee wa kanisa? Ni mtu wetu, na alimjua Ngatia, na alifunga macho. Kumbe nimekuwa nikimsalimia?"

Muriithi naye alitazama juu kule sokoni.

"Miaka ya kwanza nilikuchukia mpaka chakula ikanishinda kumeza," Wakonyo akasema. "Halafu Simeon akaingia shule, ukamshonea begi, na mtoto akakuita baba. Siku hiyo nilianza kukusamehe. Ilinichukua miaka, Muriithi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko shamba, na niliimaliza. Sina nguvu ya kuanza mtu mwingine." "Sema ni wewe. Sema tu tumalize."

"Na Simeon?"

"Simeon hataambiwa. Hii ni yangu."

Muriithi alisimama pale kwenye jua. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kujitetea, mbele ya Mungu na mbele ya Ngatia, kilikuwa kwamba hakuwemo ndani ya gari lile, na sasa alikuwa anaombwa akitoe. Alimpenda kaka yake. Hilo alitaka kulisema, lakini aliona kwamba halina kazi hapo. Alimtazama mwanamke aliyezeeka akimtazama yeye, na akafikiria yule aliyekata matundu na yule aliyechungulia, na kwa mara ya kwanza hakuona vizuri mpaka uko wapi.

"Ni mimi," akasema.

Wakonyo alivuta pumzi ndefu. Ilikuwa kana kwamba angeondoka, lakini alirudi hatua moja.

"Kwa nini ulifunga macho?"

Muriithi hakufikiri. Jibu lilikuja lenyewe, bila kutafutwa.

"Kwa sababu alikuwa ananiangalia."

"Nilijua alikuona," akasema Wakonyo, na akakaa chini pale pale vumbini, akalia kwa sauti kama mwanamke aliyeletewa maiti siku hiyo hiyo, mpaka watu wa soko wakaja kusimama ukingoni mwa barabara. Muriithi hakumgusa wala hakuwafukuza watu. Alipokuwa anajibu alimwona Ngatia waziwazi, akiwa kwenye laini, amemkazia macho, na hakujua ni wapi alipomwonea.